Roketi na Kinamasi kwa Siku Moja: Majibu kwa Wasomaji Wanaokwenda Florida

Barua nne zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni matembezi ya siku moja yanayounganisha makumbusho ya anga za juu na mwendo wa boti katika vinamasi vya kusini mwa Marekani. Tumezijibu zote, ingawa ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo iliyobeba maswali mengi zaidi.

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mwezi wa Desemba, panapo majaliwa, nitasafiri kutoka Mombasa pamoja na mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70, na watoto wangu wawili, wa miaka 8 na 13, kwenda kumtembelea kaka yangu anayeishi Orlando. Kaka ametutumia tangazo la basi la watalii linalowachukua watu asubuhi, likawapeleka kwenye makumbusho ya anga za juu ya Kennedy, kisha kwenye boti za kinamasini kuona mamba, na kuwarudisha jioni. Je, siku moja inatosha kwa mambo yote hayo? Na mama ataweza? — Mama wa wawili, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na umfikishie mama shikamoo zetu. Siku moja inatosha, mradi muipange wenyewe. Tangazo la namna hiyo huviweka vitu viwili katika mizani kana kwamba vina uzito mmoja, ilhali boti ni jambo la nusu saa au saa nzima, na makumbusho ya Kennedy ni jambo la kutwa. Basi la watalii hupitia hoteli moja baada ya nyingine kukusanya abiria, hufika wakati umati umeshaingia, na huondoka kwa saa iliyopangwa hata kama nyinyi bado mko upande wa pili wa kisiwa mkiangalia roketi. Maadamu kaka yako ana gari, mwombeni awapeleke yeye. Kutoka Orlando hadi Kisiwa cha Merritt, mahali yalipo makumbusho, ni takriban kilomita 80 kuelekea mashariki, mwendo wa saa moja hivi, na barabara ya 528 inayotumiwa na wengi hutozwa ada njiani.

Desemba ni majira ya ukavu Florida. Asubuhi huwa na ubaridi, na mamba, ambaye mwili wake hutegemea joto la nje, hutoka mchana kuota jua ukingoni. Kwa hiyo makumbusho yatangulie na boti ifuate. Mngekuwa mnakwenda Julai ningewaambia kinyume chake, kwa sababu kuanzia Juni hadi Septemba mawingu ya radi hukusanyika karibu kila alasiri, na hakuna nahodha makini atakayepeleka abiria katikati ya maji ya wazi wakati radi inapiga. Kumbukeni pia kwamba jua la Desemba huko huzama mapema, yapata saa kumi na moja na nusu jioni, jambo linalowashangaza sana watu wa kwetu tuliozoea machweo ya saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Ukitaka kuwaona mamba kwa mwanga mzuri, inakupasa kuwa botini kabla ya saa kumi, na hiyo maana yake ni kuondoka makumbusho saa tisa.

Fikeni mlangoni kabla ya saa tatu asubuhi, mkiwa na tiketi mliyokwisha kuinunua mtandaoni, kisha msisimame popote ila kwenye foleni ya mabasi ya ndani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wageni wengi huanza na vilivyo karibu na lango, wakaja kushtuka alasiri kwamba basi la mwisho limeondoka, kwani mabasi hayo huacha kwenda mapema sana kuliko saa ya kufunga. Basi hilo, ambalo gharama yake imo ndani ya tiketi, hupita karibu na jengo la kuunganishia roketi, lenye kimo cha mita 160, lililokamilika mwaka 1966 kwa ajili ya safari za mwezini zilizoitwa Apollo, kisha huwashusha kwenye kituo cha Apollo na Saturn V. Humo ndani imelazwa Saturn V halisi, roketi iliyowapeleka watu mwezini, moja kati ya tatu tu zilizobaki duniani. Nyingine mbili ziko Houston na Huntsville. Ina urefu wa karibu mita 111, na mwanzoni kabisa mtasimama chini ya midomo mitano ya injini zake za kwanza, kila mmoja ukiwa na upana wa zaidi ya mita tatu na nusu, kiasi kwamba mtoto wako wa miaka 8 angeweza kusimama ndani yake akainua mikono juu asiguse upande wa pili. Injini hizo tano zilikuwa zikiteketeza tani zipatazo 2,000 za mafuta na oksijeni ya majimaji kwa muda wa dakika mbili na nusu tu. Mwacheni mtoto mkubwa atembee kutoka mkiani hadi kwenye ncha, ambako ndiko walikokaa wanaanga watatu, aone mwenyewe jinsi sehemu ya watu ilivyokuwa ndogo na sehemu ya moto ilivyokuwa kubwa. Katika jengo hilo hilo kuna kipande cha jiwe la mwezini ambacho mgeni anaruhusiwa kukigusa kwa kidole. Kimesuguliwa na vidole vya watu wengi hata kimekuwa laini, lakini ni mwezi.

Mkirudi, nendeni moja kwa moja kwa Atlantis, chombo cha anga chenye mabawa kilichokuwa kikipeleka wanaanga juu na kurudi nao. Chombo hiki kiliruka mara 33, na safari yake ya Julai 2011 ndiyo iliyofunga miaka 30 ya vyombo vya aina yake. Sitaki kuwaharibia jinsi kinavyofunuliwa mbele ya wageni, ila nitasema kwamba mtakikuta kimeinuliwa hewani kwa mshazari, milango ya sehemu ya mizigo ikiwa wazi na mkono wake wa mashine umenyooshwa, kama kilivyoonekana kikiwa kazini juu ya dunia. Shukeni hadi chini ya tumbo lake mtazame vigae vyeusi vilivyokikinga na joto la kurudi duniani. Kila kigae kina namba yake iliyoandikwa, kwa kuwa karibu hakuna viwili vilivyolingana umbo, na michirizi myeupe na ya kijivu iliyoachwa na moto haikusafishwa. Mimi naamini kwamba mtu akiwa na saa moja tu katika makumbusho yale, hapo ndipo pa kuitumia. Katika jengo hilo pia wamekumbukwa wanaanga 14 waliopotea na Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, pamoja na mabaki ya vyombo hivyo viwili. Ni chumba cha heshima, na mtoto wa miaka 13 anastahili kuelezwa kabla hajaingia.

Kuhusu mama, uwanja ni mkubwa na kutembea ni kwingi, lakini viti vya magurudumu hupatikana na njia zimesawazishwa. Chombo cha kuigiza mruko wa roketi, ambacho hutikisa na kumlaza mtu chali, si chake, wala si cha mtu yeyote mwenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo. Boti nayo hupigapiga maji na hupindapinda kwa kasi, kwa hiyo mwenye mgongo mbaya heri asipande. Badala yake, mama na kaka wanaweza kuzunguka njia ya Black Point iliyo ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya Kisiwa cha Merritt, karibu na mji wa Titusville. Ni barabara ya upande mmoja, yenye kilomita 11, ambayo mtu huipita akiwa ndani ya gari polepole, akiwaona yangeyange, korongo, furukombe, na akibahatika, domomwiko wale wa rangi ya waridi. Mamba pia wapo kwenye mifereji ya kando. Mama yako ataona kinamasi chote bila kushuka wala kuziba masikio.

Yabaki mambo mawili madogo. La kwanza ni fedha: kiingilio cha familia kama yenu huvuka dola 200, na maegesho hulipiwa kando, kwa hiyo msikubali kuipa siku hiyo nusu ya muda wake. La pili ni chakula. Migahawa mingi ya kando ya gati za boti hukaanga nyama ya mamba, nayo mara nyingi huingia katika mafuta yale yale yanayokaangiwa samaki na viazi. Anayejali anachokula na aulize kabla ya kuagiza, au abebe chakula chake garini. Na kama tarehe zenu zinawaruhusu, nendeni kabla ya tarehe 20, kwa sababu baina ya Krismasi na mwaka mpya watu hufurika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia mwaka wa pili. Nimeona picha za Florida ambapo mnara wa kurushia roketi unasimama nyuma ya mafunjo na ndege wa majini. Kwa nini taifa lenye ardhi kubwa namna ile lichague kinamasi chenye mbu kujenga mitambo ya thamani kama hiyo? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu, kinamasi na roketi pale ni majirani kwa sababu zinazoeleweka, na mgeni anayezijua huiona safari ya boti na ziara ya makumbusho kuwa habari moja.

Sababu ya kwanza ni bahari. Roketi hurushwa kuelekea mashariki, na mashariki ya rasi ya Canaveral, pale roketi zinaporushwa, ni Atlantiki tupu. Kinachoanguka huangukia majini. Ya pili unaijua kutoka darasani: dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali panapokaribia ikweta huzunguka kwa kasi zaidi. Kwenye ikweta kasi hiyo ni kama kilomita 1,670 kwa saa, na pale Canaveral, penye latitudo ya nyuzi 28.5 kaskazini, ni kama 1,470. Roketi huipata kasi hiyo bure kabla haijawasha injini, na Florida ni miongoni mwa sehemu za kusini kabisa za Marekani bara. Sababu ya tatu ni uhaba wa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kisiwa cha Merritt kilikuwa na mashamba ya michungwa na makazi madogo madogo, ambayo wenyewe walilipwa wakahama, si wote kwa hiari, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa maji, nyasi na mbu. Roketi iliyojaa mafuta inahitaji uwanda mpana usiokaliwa na mtu pande zote. Uwanda huo ndio uliogeuzwa kuwa hifadhi ya wanyamapori mwaka 1963, yenye hekta zipatazo 57,000. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mahali pa kelele kubwa kuliko zote pakawa kimbilio la ndege.

Kinamasi chenyewe hakikuwa rahisi kujengea. Ili lile jengo la mita 160 lisididimie wala kuyumbishwa na tufani, nguzo za chuma 4,225 zilipigwa chini kwa kina cha karibu mita 50 hadi zikafika kwenye mwamba wa chokaa. Kwa upande mwingine maji yalikuwa msaada. Sehemu kubwa za roketi haziingii barabarani wala kwenye reli, kwa hiyo hutengenezwa New Orleans na kuletwa kwa tishari kupitia Ghuba ya Meksiko, zikazunguka rasi ya Florida na kupanda kwa mfereji uliochimbwa hadi mlangoni pa jengo hilo. Tope lililochimbuliwa humo likatumika kujazia ardhi. Ilifanyika hivyo kwa safari za Apollo, na inafanyika hivyo hadi leo kwa roketi ya Artemis, mpango mpya wa kurudi mwezini.

Na usidhani kwamba hoja ya ikweta ni ya Wamarekani peke yao. Waitaliano walisimamisha majukwaa yao ya San Marco baharini karibu na Malindi, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Kenya kuadhimisha uhuru wake, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, aliipa jina la Uhuru. Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya roketi za Kennedy, simama ukijua kwamba pwani yako nayo imo katika historia hiyo.

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Ikwiriri. Mwanangu yuko Florida na anataka kuwapandisha wajukuu zangu boti ya kuangalia mamba. Mimi nimezaliwa kando ya Rufiji na nimewazika watu kwa ajili ya mamba. Mtu mzima mwenye akili anawezaje kulipa pesa kumfuata mamba? — Babu, Ikwiriri

JIBU: Shikamoo Babu. Hofu yako ina msingi, na hatuwezi kuichukulia wepesi. Ila mamba wa Florida si yule wa Rufiji. Ana pua pana ya mviringo, rangi yake ni nyeusi zaidi, na akifunga kinywa meno ya chini hayaonekani. Tabia yake pia ni ya kujiepusha na watu kuliko huyu wetu. Inakadiriwa kwamba jimbo lile lina mamba milioni 1.3, na tangu mwaka 1948, walipoanza kuweka kumbukumbu, waliouawa nao hawafiki 40. Waliwahi kuwindwa hadi wakawekwa katika orodha ya wanyama wanaotoweka mwaka 1967, wakalindwa, na kufikia 1987 walikuwa wamerudi kwa wingi hata wakaondolewa katika orodha hiyo.

Boti yenyewe imetengenezwa kwa bati la alumini, chini ni bapa, na haina rafadha majini. Rafadha yake, kama ya ndege, iko juu tezini ndani ya kizimba cha chuma, inasukuma upepo, na nyuma yake kuna mapanga ya usukani yanayouelekeza upepo huo kushoto au kulia. Ndiyo maana hupita juu ya nyasi na kwenye maji ya kimo cha kifundo cha mguu. Haina breki wala hairudi nyuma. Nahodha huachia mafuta, nayo huteleza hadi isimame. Sheria ya Florida inamtaka nahodha anayebeba abiria kwa malipo awe amepata mafunzo maalumu, na mwanao ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Kelele ni kubwa sana, kwa hiyo kila mtoto avae vizuizi vya masikio wanavyopewa na asivivue hadi mashine izimwe.

Mashine ikizimwa ndipo penye raha ya safari hiyo. Kinachoonekana kwanza ni matundu mawili ya pua na macho mawili juu ya maji, na hakuna kingine. Manahodha huwafundisha watoto kukadiria urefu wa mamba kwa kutazama nafasi iliyo kati ya jicho na pua: kila sentimita mbili na nusu za nafasi hiyo ni kama sentimita 30 za mwili. Wajukuu wako watarudi wakipima kila kitu kwa kanuni hiyo.

Yapo mambo ya kuwakataza bila kubembeleza: mkono usitoke nje ya boti, na mtoto asicheze ukingoni wakati wa kusubiri, hasa jioni, kwa kuwa hatari kubwa iko gatini, mahali ambapo watu wamejisahau, kuliko ndani ya boti. Na asitupwe mamba hata kipande cha mkate. Kumlisha ni kinyume cha sheria Florida, na sababu yake wewe Babu unaijua kuliko sisi: mamba anayemzoea binadamu kuwa chanzo cha chakula humfuata binadamu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mtu wa Lubumbashi ninayeishi Baton Rouge, Louisiana. Florida ni mbali kwangu. Je, hakuna makumbusho ya roketi na kinamasi karibu na huku? — Msomaji, Baton Rouge

JIBU: Yapo, tena kwa utulivu zaidi na kwa fedha kidogo. Fuata barabara kuu ya 10 kuelekea mashariki hadi uvuke mpaka wa Mississippi, utafika kwenye makumbusho ya Infinity, jirani na kituo cha Stennis ambacho NASA imekitumia tangu miaka ya 1960 kujaribia injini za roketi. Huko nako vinamasi vilichaguliwa kwa makusudi: mlio wa majaribio hufika mbali, na wakazi wa jumuiya tano walihamishwa ili kuacha ukanda mtupu kuzunguka kituo. Nje ya makumbusho imelazwa hatua ya kwanza ya Saturn V, yenye urefu wa mita 42, iliyotengenezwa kwa safari ya mwezini iliyofutwa.

Kabla ya kuvuka mpaka, karibu na Slidell, kuna kinamasi cha Honey Island kwenye mto Pearl. Boti nyingi za huko ni ndogo, zinaendeshwa kwa injini ya kawaida ya nyuma, na hupenya polepole chini ya misipresi iliyosimama majini, kwa hiyo maelezo ya nahodha husikika vizuri na watoto wadogo hawatishiki. Kwa kuwa makumbusho haya ni madogo kuliko ya Kennedy, saa tatu zinatosha. Anza na boti ya asubuhi, kisha uende Infinity kwa chakula cha mchana. Piga simu kwanza kuhakikisha siku za kufunguliwa, kwani hubadilika kwa majira, na uwahi gatini mapema, maana boti huondoka kwa zamu na hazimsubiri aliyechelewa.